Kijapani cha Babu Ogata

Hamamatsu, Japani
8 Septemba 1991

Kwako Babu Tokuji,

Natumaini umeamka vizuri na Bibi Hisae magoti yamempa nafasi. Mimi ni mzima, ila nimeanza kuzungumza peke yangu nikipika. Nisalimie wote hapo Bastos, na kuku wote elfu kumi na moja, mmoja mmoja, usiruke hata kifaranga. Mwambie Mama picha zimefika. Mwambie na binamu Edson kwamba yale masharubu hayamfai.

Sasa mzee, nina kesi na wewe.

Tangu nikiwa mdogo ulinikalisha jikoni ukanifundisha Kijapani. Ulikuwa ukiniambia, "Neusa, siku ukifika nchi yangu, watu watadhani umezaliwa kule." Haya, nimefika. Siku ya kwanza kiwandani msimamizi aliniuliza kama nimechoka. Nikamjibu vilevile unavyomjibu Bibi ukitoka bandani. Babu, kazi ilisimama! Watu walicheka mpaka mmoja akavua miwani afute machozi. Baadaye dada mmoja wa kufunga maboksi, Chizuru, akanivuta pembeni. "Neusa, usikasirike," akasema. "Umeongea kama mzee wa shamba wa Kumamoto, wa enzi zile za kabla ya vita. Mwanaume. Tena aliyekunywa kidogo."

Mimi hapa, miaka ishirini na mitatu, nimevaa sketi na rangi ya midomo, nikifungua kinywa unatoka wewe!

Halafu kuna Bi Terada, mjane wa ghorofa ya chini. Ndiye msimamizi wa taka za jengo letu. Taka za kuchoma ni Jumanne na Ijumaa, chupa ni Jumatano ya pili ya mwezi, na makopo sijui bado ni lini. Mara tatu nimekuta mfuko wangu umerudishwa mlangoni, umefungwa vizuri kuliko nilivyoufunga mimi, na kikaratasi juu yake: "Si leo." Mara ya tatu nikashuka kumwomba radhi kwa maneno yako. Akanitazama, akafunga mlango. Aliufunga polepole, lakini aliufunga.

Niambie ukweli: ulinifundisha lugha gani?

Mjukuu wako anayetembea na sauti yako,
Neusa

Nimesahau: utakuja lini kuona? Chumba ni kidogo lakini godoro la pili lipo.


Bastos, Brazili
2 Oktoba 1991

Neusa,

Barua yako imechukua siku kumi na nane kufika, nadhani ilipitia kila ofisi ya posta duniani. Sisi wazima. Magoti ya bibi yako yanatabiri mvua kuliko redio. Mama yako anasema ule mboga. Edson hajanyoa, anasema una wivu kwa sababu wewe huna.

Kuhusu kesi yako, nakana mashtaka yote. Hicho ni Kijapani safi. Nilikibeba mwenyewe kutoka Kumamoto nikiwa na miaka kumi na mitatu, nikakilinda melini siku arobaini na sita, na hapa Brazili miaka hamsini na saba sikukitia maji hata kidogo. Kama watu wa siku hizi wamekipoteza, watafute chao. Hilo la kunywa kidogo, hapo Chizuru ana masikio. Nilikuwa nikikufundisha baada ya chakula cha jioni.

Kuhusu huyo mama wa taka: mtu haombwi radhi kwa mikono mitupu. Peleka kitu, kishike kwa mikono miwili, na uiname kabla hajakuona vizuri. Wala usimweleze sababu zako. Hakuna anayezitaka.

Kuku wa banda la pili wametaga mayai ya viini viwili wiki nzima. Daktari wa mifugo anasema ni umri, mimi nasema ni furaha. Jogoo mpya hana adabu. Tumebadilisha mabati upande wa mashariki. Basi, habari zimeisha.

Babu yako


Hamamatsu
20 Novemba 1991

Babu mpenzi,

Shikamoo, na Bibi pia. Huku baridi imeingia, nalala na soksi mbili mbili. Nimenunua meza yenye jiko dogo la umeme chini yake, unaingiza miguu unasahau kuinuka. Pongezi kwa viini viwili.

Nilifanya ulivyosema. Nilipika keki ya Bibi ya unga wa mahindi, nikaibeba kwa mikono miwili, nikainama mpaka nikaona vidole vyangu vya miguu. Bi Terada alipofungua nikasema yale maneno yako ya kuomba radhi, yote, bila kuruka: "Mama weye, miye mpumbavu nimekuja, nichape moyo wako utue."

Alishika mlango. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani ni hasira. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akakaa chini pale pale mlangoni, juu ya viatu. "Sema tena," akaniambia. Nikasema tena. Akalia kidogo, akacheka tena, akaniingiza ndani.

Marehemu mumewe alikuwa mtu wa Kumamoto, Babu. Amefariki miaka sita sasa. "Ile siku ya kwanza ulipobisha hodi," akaniambia, "nilimsikia yeye. Ndiyo maana nilifunga mlango. Nilikaa jikoni mpaka giza likaingia, sikuwasha hata taa."

Akapakua supu. "Onja. Sasa iseme vibaya."

"Niiseme vibaya vipi, mama? Ni tamu."

"Wewe iseme tu. Yeye hakuwahi kuisifia hata siku moja."

Basi nikakaza sura, nikasema kama unavyomwambia Bibi: "Hii ni supu au maji ya bahari, wewe mwanamke? Unataka kunizika kabla ya mavuno?"

Akapiga makofi. "Naam! Ndiyo hiyo!" Na palepale akanijibu kwa ukali, "Kama hutaki, kapike mwenyewe!"

Tangu hapo kila Alhamisi nashuka kula kwake. Mimi naitukana supu, yeye ananifundisha kuongea kama mwanamke wa siku hizi. "Si 'lete hapa', Neusa. Sema, 'samahani, kama haitakusumbua.'" Jumatano iliyopita, saa nne asubuhi, tulikuwa uani tukipanga chupa pamoja, za kijani huku, za kahawia kule, na akawaambia majirani wote kwamba mimi ndiye msaidizi wake.

Babu, njoo. Mei kuna tamasha la matiara. Kila mtaa unarusha angani tiara lake, kubwa kama paa la nyumba, lenye jina la mtoto mzaliwa wa kwanza, na watu hamsini kwenye kamba moja wanashindana kukata ya wenzao. Bi Terada anasema godoro langu halifai mgeni, utalala kwake kwenye chumba cha mbele. Njoo.

Neusa


Bastos
5 Januari 1992

Neusa,

Mwaka mpya uwe mwepesi kwako. Tulikula keki, tukagonga wali wa mochi kinuni, Edson aligonga kidole. Joto ni la kuchemshia yai ndani ya kuku. Barua yako nimeisoma mara mbili. Bibi yako ameisoma mara tano, kwa ajili ya supu, na sasa nikifungua kinywa mezani ananiambia, "Kapike mwenyewe." Asante sana.

Nimefurahi kwa ajili ya huyo mama. Mpelekee salamu zangu, umwambie mumewe alikuwa na haki: supu ya watu wa huko ina chumvi.

Ila nina swali dogo. Jumatano, saa nne asubuhi, mtu wa kiwandani anapanga chupa? Na katika barua yote, kurasa nne, kiwanda hakijatajwa hata mara moja. Sikuulizi. Natazama tu, kama ninavyotazama kuku aliyesimama peke yake kwenye kona.

Kuhusu safari, banda la tatu linavuja. Na meno yangu mapya hayajazoea. Na mtu akiondoka mwezi wa Mei nani atasimamia chanjo? Pia nasikia ndege siku hizi zina msongamano.

Babu yako

(Neusa, nimeichukua barua kabla hajalamba bahasha. Banda la tatu halivuji tangu Agosti. Chanjo ni Edson anayesimamia. Bibi.)


Hamamatsu
12 Februari 1992

Babu,

Shikamoo. Theluji kidogo jana, ikayeyuka kabla sijapata kamera. Mwambie Bibi nimepata ujumbe wake.

Umenishika. Tarehe moja Novemba waliniita ofisini pamoja na wenzangu kumi, Wabrazili watupu. Walituinamia vizuri, wakasema kazi zimepungua. Sikuandika kwa sababu ulikuwa umewaambia watu wa ushirika wote kwamba mjukuu wako anatengeneza pikipiki za dunia nzima. Kila siku nilivaa nguo za kazi nikatoka saa moja asubuhi, nikakaa maktaba mpaka jioni, ili majirani wasijue. Wiki nzima, Babu! Siku moja mvua ikanishika njiani, nikarudi mchana. Bi Terada alikuwa mlangoni.

"Kumbe maktaba imefungwa?" akaniuliza.

Alikuwa anajua tangu siku ya pili. "Mwanangu," akasema, "mtu anayetoka kiwandani ananuka mafuta. Wewe unanuka vitabu."

Siku ile ya chupa, tulipomaliza, alinishika mkono akanipeleka kwa rafiki yake mwenye duka la chakula cha makasha karibu na stesheni. Wali, samaki, mayai ya kukunja, unapanga kwenye kasha, unafunga, unauza. Bwana mwenye duka aliniambia niwe nakaribisha wateja kwa sauti. Nilijitahidi kuita kwa ile sauti laini ya kike ninayofundishwa, ikashindwa kuvuka kaunta. Saa sita mchana kulikuwa na foleni hadi nje, mzee mmoja akatangulia wengine. Ikanitoka: "Weye! Mkia wa mstari uko kule, ama macho umeyaacha kwa mkeo?"

Yule mzee akageuka, akatazama nani kasema. Kisha akarudi mwisho wa mstari, akicheka njia nzima. Ni fundi seremala mstaafu, Bwana Kuroyanagi, na sasa anakuja kila siku kutukanwa. Wazee wanakuja na wenzao. "Yuko wapi binti anayeongea kama babu?" Mwenye duka ameniambia ile sauti laini niiache nyumbani.

Huyo Bwana Kuroyanagi ndiye mkuu wa kamba kwenye tiara la mtaa wetu. Wajumbe wengine wa mtaa walisema haijawahi kutokea mgeni kushika kamba. Bi Terada akawauliza, "Na taka zenu nani anazipanga?" Basi nimeandikishwa.

Nimesema langu. Sasa sema lako. Banda halivuji.

Neusa


Bastos
9 Machi 1992

Neusa,

Wote wazima. Sina habari za kuku.

Hukufanya vizuri kunificha, lakini nami si wa kukugombeza. Kuhusu maktaba bibi yako alilia, halafu akasema wewe ni mimi mtupu.

Siku tulipoondoka, mwaka thelathini na nne, wanafunzi wenzangu walitusindikiza stesheni. Niliwaambia nitarudi juu ya farasi mweupe. Hilo si kitu, sote tuliahidi farasi. Lakini sikiliza. Hapa Bastos miaka yote hii naitwa Mjapani. Sokoni, "Mjapani, mayai ya leo?" Padri naye, "Karibu, Mjapani." Sikuwahi kuchukia. Nilijisemea, ni kweli, mimi nina kwetu, nimetoka tu mara moja.

Ulipoandika kwamba kazi ilisimama na watu wakacheka, nilicheka na bibi yako. Kisha nikaenda bandani nikakaa juu ya ndoo. Maneno waliyoyacheka si yako, ni yangu. Wewe ukichekwa utajifunza mengine, una umri. Mimi hayo ndiyo niliyonayo. Nikifika huko nikafungua kinywa nikaonekana mgeni, basi mimi ni wa wapi? Afadhali nibaki hapa na kwetu kichwani.

Usiniulize tena.

Babu yako


Hamamatsu
28 Machi 1992

Babu,

Sikuulizi. Nakupa habari tu.

Miti ya maua imeanza kuchanua kando ya mto, na watu wanatandika mikeka chini yake kabla hata ya maua kufunguka vizuri. Duka linauza makasha mia mbili kwa siku. Nimeongea na Bibi kwa simu, hajaniambia kitu wala sijamwambia.

Ile siku ya kiwandani sikukwambia yote. Nililia chooni, na kesho yake, na keshokutwa. Siku ya nne Chizuru alinibishia mlango wa choo akasema, "Toka bwana, tunakusubiri tule, bila wewe meza imepooza." Nimechekwa miezi saba sasa. Bado nacheka nao, na bado ni mgeni. Jana kwenye mkutano wa mtaa mtu aliniuliza kama Brazili tuna mwezi. Nikamwambia tunao, ila wetu tunautoa Jumanne na Ijumaa.

Tamasha ni tarehe tatu hadi tano Mei. Makoti ya mtaa yametolewa, ya buluu, jina la mtaa mgongoni. Nimechukua mawili. Moja dogo.

Neusa


Hamamatsu, jikoni kwako
4 Mei 1992, saa tatu asubuhi

Neusa,

Umeshakwenda dukani na umeniachia chai. Nimelala salama, nimeamka salama, mgongo unauma mahali pote pazuri. Jioni tutaonana, lakini mambo haya nikiyasema kwa mdomo yatageuka habari za kuku. Kukuandikia nimezoea. Kwa hiyo naandika.

Kwanza, sikuamua kuja. Siku moja nilifungua kabati nikakuta soksi zangu hazipo. Nilipomuuliza bibi yako, alinionyesha sanduku, limefungwa. Juu yake pasipoti. "Soksi zako zinakwenda Japani," akasema. "Wewe kama hutaki, baki na miguu mitupu." Ndiyo maana sikuandika. Mpaka nasimama uwanja wa ndege nilikuwa sijakubali.

Pili, koo langu halikuuma. Utanisamehe. Kutoka kwenye ndege mpaka stesheni yako sikusema neno hata moja la Kijapani. Nilinunua wali kwa kuonyesha kidole. Uliponipokea nikajifunga skafu na kunong'ona, ukaniamini, ukamwambia Bi Terada. Yeye hakuniamini. Siku mbili amenichemshia tangawizi, vikombe tisa, nimevihesabu, ananitazama nikinywa. Kikombe cha tisa akaniambia, "Bwana Ogata, tangawizi imekwisha dukani. Ukiwa tayari, ongea."

Tatu, jana. Ulichelewa dukani, ukaja uwanjani saa kumi ukanikuta sina sauti ya kweli, na Bi Terada akakusimulia. Usiamini kila kitu. Hivi ndivyo ilivyokuwa.

Upepo ulikuwa wa baharini, mkali. Tiara letu lilikuwa juu, limeandikwa jina la mtoto wa kinyozi wa mtaa, mzaliwa wa kwanza. Walinipa nafasi ya nyuma kwenye kamba, mahali pa wazee na wageni. Nilishika nikanyamaza. Kisha mtaa jirani wakaleta tiara lao juu ya letu, kamba zikakutana, zikaanza kusuguana mpaka nikasikia harufu ya katani inayoungua. Vijana wetu wakaregea. Wakaanza kuachia, Neusa! Niliona kamba inakwenda, na jina la mtoto wa watu linayumba kule juu.

Nikapiga kelele. Sijui nilisema yapi, Bi Terada ameyaandika kwenye daftari. Nakumbuka, "Vuteni nyie, mikono hiyo mlipewa ya kushikia vijiti tu? Mama zenu wako hapa wanatazama!" Kwa kile Kijapani changu chote, pamoja na matusi ya baba yangu kwa ng'ombe.

Watu hamsini wakageuza shingo. Nilijua, ndiyo hii. Ndicho nilichokikimbia. Na wakacheka, mjukuu wangu, mstari mzima, kutoka nyuma mpaka mbele, kama upepo unavyopita kwenye mpunga. Bwana Kuroyanagi akapaza sauti kutoka mbele, "Jamani, wako wawili!" Wakacheka zaidi. Nami nikacheka, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi na sikuwa na pa kukimbilia. Na tukiwa bado tunacheka tukavuta, na kamba iliyokatika ilikuwa yao.

Nilisubiri moyo uniume. Nilisubiri mpaka tulipokaa chini mchangani. Haukuuma. Niliona njaa.

Sasa hili hukulisikia, ulikuwa umekwenda kuleta makasha. Bwana Kuroyanagi alikuja akakaa karibu nami, akanimiminia, akaniuliza: "Mzee, kwenu ni wapi?"

Jibu nililolibeba tangu nina miaka kumi na mitatu lilikuwepo mdomoni. Nikasema, "Bastos. Brazili."

Akafikiri. Akauliza, "Kuna upepo huko?"

"Upo. Mwezi wa Agosti unang'oa mabati."

"Mnarusha tiara?"

"Hatujaanza."

Akainuka. Nilidhani amekwenda kuongeza kinywaji. Akarudi na kamba ya katani, mpya, mita mia mbili, imeviringwa vizuri kama nyoka aliyelala. Akaiweka mapajani kwangu kwa mikono miwili. "Basi mtahitaji hii," akasema, akaenda zake kugombana na mtu aliyekunja tiara vibaya.

Iko hapa chini ya meza yako, miguu yangu iko juu yake. Haiingii kwenye sanduku. Nimejaribu mara mbili, nimetoa hata soksi. Nimemwandikia Edson atafute mianzi na karatasi ngumu, na aulize ni nani kati ya majirani anategemea mtoto wa kwanza mwaka huu.

Wananiita huko chini, nusu ya mtaa, na hawana subira hawa watu. Leo nimepewa nafasi ya mbele.

Tokuji Ogata, wa kamba